Manowari ya Bomba Tatu na Maji ya Kilombero

Ukisimama kwenye Daraja la Magufuli, karibu na Ifakara, ukayatazama maji ya Mto Kilombero yanavyoteremka polepole kuelekea mashariki, manowari ni kitu cha mwisho kitakachokujia akilini. Chombo cha hapa ni mtumbwi wa Mndamba, uliochongwa kutoka gogo moja. Mzinga wa hapa ni ule unaotundikwa mtini ili nyuki waingie. Lakini maji hayo yakishaungana na ya Luwegu huitwa Rufiji, na huko mwisho wa Rufiji, katikati ya mikoko, ndiko kulikopiganwa pambano refu kuliko yote ya kivita kati ya meli na meli katika historia ya nchi yetu. Zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji hutoka Kilombero. Kwa hiyo mtu wa bonde hili ana haki ya kuzungumzia vita vya majini, na mimi nitaitumia haki hiyo.

Napenda picha za zamani za kuchapwa zinazoonyesha manowari zikipigana. Maarufu kati ya hizo ni za frigeti mbili: Shannon ya Uingereza na Chesapeake ya Marekani, zilizokutana karibu na Boston tarehe 1 Juni 1813. Frigeti ilikuwa manowari ya matanga yenye sitaha moja kuu ya mizinga, nyepesi kuliko zile meli nzito za safu ya vita na yenye mbio kuliko zote za ukubwa wake. Mwaka 1830 ilitolewa London seti ya picha nne za pambano lile, zilizochorwa na J. C. Schetky na kuchapwa kwa jiwe. Unaziona meli ubavu kwa ubavu, matanga yametoboka, moshi umetanda, mabaharia wanaruka kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Pambano lenyewe lilichukua kama robo saa tu, na katika robo saa hiyo watu zaidi ya 200 waliuawa au kujeruhiwa. Mbao za Chesapeake hatimaye zilijengewa kinu cha kusaga nafaka katika kijiji cha Wickham, kusini mwa Uingereza, mwaka 1820, na jengo hilo lipo hadi leo. Kwa mkazi wa Ifakara, anayesikia mashine za kukoboa mpunga kila msimu wa mavuno, hiyo ni habari nzuri kuliko ushindi wenyewe.

Picha hizo zimewafanya wengi waamini kwamba rekodi zote za vita vya majini ni za Ulaya na Marekani. Zangu nimezitafuta huku kwetu.

Picha kongwe

Kwenye ukuta wa Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna michoro ya meli iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu juu ya lipu. Waliochora walikuwa Wareno waliokaa humo katika karne ya 17: askari au mabaharia, si wasanii wa kulipwa. Ilifunuliwa na uchimbuzi ulioongozwa na James Kirkman kati ya miaka ya 1950 na 1960. Lakini hata hiyo si ya kwanza. Kwenye kuta za Husuni Kubwa, kule Kilwa Kisiwani, kuna vyombo vya matanga vilivyokwaruzwa kwenye lipu na watu wa mwambao wenyewe. Peter na Margaret Garlake waliichapa michoro ya namna hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1964. Haionyeshi vita. Inaonyesha kamba, milingoti na matanga, na aliyeichora alijua kila kamba inafungwa wapi. Mimi naiweka juu ya picha yoyote ya London, kwa sababu mchoraji na baharia hapa ni watu wa pwani moja.

Mzingiro mrefu

Ngome hiyo hiyo ya Yesu ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Katikati ya mzingiro, mwaka 1697, ilizama mbele ya ngome frigeti ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná. Ilikuwa imeundwa Bassein, pwani ya Uhindi, mwaka 1681. Kwa hiyo anayetaka kuona frigeti ya kweli si lazima aende Boston. Wazamiaji walichimbua mabaki yake kati ya 1977 na 1980, na sehemu ya vitu vilivyotolewa humo imo katika makumbusho ya ngome.

Vita vifupi kuliko vyote duniani

Hii ni rekodi ambayo kila mtoto wa shule angepaswa kuijua. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza. Walimpa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizokuwa chini ya Admeri Harry Rawson zilianza kupiga, na kufikia saa tatu na dakika arobaini yalikuwa yamekwisha. Dakika 38. Upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Ndani ya dakika hizo kuna pambano dogo la baharini ambalo wengi hulipita. Sultani alikuwa na meli iitwayo Glasgow. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash aliiona frigeti ya Kiingereza yenye jina hilo, akaipenda, akaagiza yake ya mfano huo, na ikatengenezwa Scotland na kuwasili mwaka 1878. Ilikusudiwa kuchukua nafasi ya meli zilizoangamizwa na kimbunga kikubwa cha mwaka 1872. Kwa karibu miaka 18 ilitia nanga mbele ya mji, ikifanya kazi chache sana. Asubuhi ile ya Agosti, wakati kila mtu angeielewa kama ingekaa kimya, Glasgow iliifyatulia mizinga yake midogo St George, meli ya bendera ya Admeri, iliyoizidi mara nyingi kwa ukubwa na kwa silaha. Ilijibiwa, ikazama palepale ilipokuwa. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu, wakaokolewa kwa mashua.

Kina cha maji pale kilikuwa kidogo, kwa hiyo milingoti ilibaki imechomoza juu ya bandari. Picha za mji wa Zanzibar za miaka iliyofuata zinaionyesha: jumba, Beit al-Ajaib, na mbele yake milingoti mitatu isiyo na meli. Mabaki yalivunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Kwa miaka 16 watu wa mji waliamka kila siku wakakutana na mabaki ya vita vya dakika 38. Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na vita vya 1914 vilipofika akakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Ushindi wa mapema

Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilivuka Ziwa Nyasa na kuikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli, mkoani Ruvuma. Nahodha Rhoades wa Gwendolen na nahodha Berndt wa Wissmann walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja. Berndt hakuwa amepata habari za vita. Mzinga ulipolia alipiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa, na akachukuliwa mateka. Magazeti ya London yalishangilia ushindi wa majini. Sijui pambano jingine lililoanza kwa urafiki wa namna hiyo, na ukisoma habari zake unamhurumia Berndt kuliko unavyompongeza Rhoades.

Manowari ndogo, safari ndefu

Ziwa Tanganyika lina rekodi yake. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi. Zilisafirishwa kwa treni kutoka Cape Town, zikavutwa na mashine za mvuke na maksai juu ya milima ya Mitumba huko Kongo, zikapakiwa tena kwenye treni na kushushwa mtoni, safari ya zaidi ya kilomita 4,000 barani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani, kwa muda mfupi sana, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa nyingine yao, Hedwig von Wissmann.

Iliyobaki ni Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku kama 5,000 na kuunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, wakipaka mashine zake grisi nzito kwanza ili zisiharibike. Ilitolewa majini mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Ni miongoni mwa meli za abiria kongwe kuliko zote duniani, na hakuna manowari ya picha za kuchapwa iliyobeba dagaa, mahindi na akina mama wenye watoto kwa miaka mingi namna hiyo.

Juu ya Götzen, kabla haijazamishwa, ulifungwa mzinga wa milimita 105. Mzinga huo ulitoka kwenye meli nyingine, na sasa turudi kwenye maji yetu.

Pambano refu, na maji ya Kilombero

Manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105 na mabomba matatu ya moshi, na watu wa pwani waliipa jina lililobaki vinywani: manowari na bomba tatu. Tarehe 6 Agosti iliiteka karibu na pwani ya Oman meli ya mizigo ya Uingereza, City of Winchester, ya kwanza kabisa ya biashara ya Uingereza kutekwa katika vita ile.

Kisha alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar. Pegasus, manowari ya zamani ya Waingereza, ilikuwa imetia nanga ikisafishwa mitambo. Hapa ndipo penye mkutano wa meli mbili unaofanana zaidi na zile picha za kuchapwa, ila hakuna ubavu kwa ubavu. Königsberg ilianza kupiga kutoka umbali wa kilomita kama nane, na makombora ya Pegasus hayakuifikia. Katika muda usiozidi saa moja Pegasus ilikuwa haifai tena, watu wake zaidi ya 30 wamekufa, na mchana ikazama. Makaburi ya wengi wao yapo kwenye kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

Baada ya hapo Königsberg, ikiwa na tatizo la mashine na upungufu wa makaa, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Delta hiyo ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, na mto unaingia baharini kwa midomo mingi: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kidogo, na yenyewe haikuweza kutoka kwa sababu ya manowari hizo. Ilionekana tarehe 30 Oktoba 1914. Iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Siku 254.

Siku hizo zilizaa rekodi juu ya rekodi. Novemba 1914 ndege ya Dennis Cutler, raia aliyeajiriwa na jeshi la majini, iliruka kutoka kisiwa cha Niororo kuitafuta. Sielewi kwa nini vitabu vyetu vya historia haviitaji, kwa kuwa ni kati ya ndege za kwanza kabisa kuruka katika anga la nchi yetu. Waingereza waliizamisha meli ya makaa Newbridge mdomoni mwa mto ili kuuziba. Waliiteka Mafia ili wapate pa kurushia ndege. Kisha wakaleta kutoka Malta meli mbili bapa, Severn na Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya Brazili na mito yake. Meli zilizokusudiwa Amazon zikaja kupigana Rufiji.

Tarehe 6 Julai 1915 zilipiga makombora zaidi ya 600 na kushindwa. Tarehe 11 zilirudi. Rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walikuwa juu wakielekeza mizinga kwa simu ya upepo. Ndege yao ilipigwa, na wakati inaporomoka Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi wakaanguka mtoni, wakaokolewa. Nahodha Max Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Sasa kile ambacho picha haionyeshi. Wajerumani waliitoa mizinga yote kumi, na watu kwa mamia waliivuta kwa kamba kutoka kwenye tope hadi Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu. Ilipelekwa Tanga, Kigoma, Mwanza na kwingineko, na ikapigana vita ya nchi kavu kwa miaka miwili zaidi. Mizinga ya Königsberg iliyobaki iko Pretoria, Jinja na Ngome ya Yesu, Mombasa. Ngome hiyo ina pia mzinga wa Pegasus. Mizinga iliyopigana kwa umbali wa kilomita kama nane sasa imekaa jirani.

Vita iliwafuata watu hadi bondeni kwetu. Mwaka 1917 milima ya Mahenge, ng'ambo ya Kilombero, ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi Wabelgiji walipoiteka tarehe 9 Oktoba. Waliobeba risasi na chakula, pande zote, walikuwa wapagazi wa Kiafrika, na walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa. Jina la Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabebaji hao. Nimetafuta picha ya kuchapwa inayomwonyesha mpagazi kwa heshima ile ile anayoonyeshwa nahodha wa frigeti. Sijaipata.

Adui aliyeua wengi

Hakuwa Mjerumani wala Mwingereza. Kati ya 1822 na 1826 Nahodha William Owen alipima mwambao wetu wote kwa meli Leven na Barracouta, na homa ikawamaliza mabaharia wake wengi. Delta ya Rufiji ilifanya vivyo hivyo kwa watu wa Königsberg. Hakuna mchoraji aliyemweka mbu kwenye picha ya vita.

Kazi ya kumshughulikia ipasavyo ilifanyika Ifakara. Katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy, mwanasayansi kutoka Basel, Uswisi, alianzisha hapa maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti wake walihesabu mbu kijiji kwa kijiji. Katika kijiji cha Namawala, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waligundua kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko karibu vyote vilivyokuwa vimepimwa duniani. Hiyo ni rekodi ya bonde letu ambayo hakuna aliyeitaka. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vya Zuia Mbu vilianza kuuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vifo vya watoto vikapungua, na kilichojifunzwa hapa kikatumika nchi nzima. Mabaharia wa Owen wangetoa mizinga yao yote kwa chandarua kimoja.

Mabaki

Königsberg ilibaki imelala ubavu kwenye Rufiji kwa miongo kadhaa. Picha za miaka ile zinaionyesha ikiwa na kutu, mikoko ikiwa karibu, na wavuvi wakipita kando yake kwa mitumbwi. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ilikatwa kama chuma chakavu, na iliyobaki ikazama kwenye tope.

Tope hilo ni la kutoka juu. Kila masika Kilombero hufurika, maji yakaenea kwenye uwanda ambao mwaka 2002 uliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yakapanda mashambani, yakachukua udongo na kuondoka nao kupitia maporomoko ya Shuguli. Tangu Desemba 2022 husimama kwanza nyuma ya ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, na udongo mwingi hubaki humo. Yanayopita huzungusha mitambo ya umeme, hushuka hadi kwenye mikoko ambako watu huvua kamba, na hupita juu ya chuma kilichobaki cha manowari ya bomba tatu kabla ya kuingia baharini mkabala na Mafia.